Mstari wa Kumi na Saba

Mimi ndiye niliyeufuta.
Mweka hazina alisema tu, "Hapo, toa,"
akaendelea kuchokonoa meno kwa njiti ya kiberiti,
na kidole changu hiki, chenye kovu la pasi,
kikabonyeza.

Kitengo cha elimu maalumu, shule ya msingi:
karatasi za nukta nundu, rimu sita;
betri za vifaa vya usikivu;
fimbo nyeupe; nauli ya mwalimu.
Jumla yake haikufika
bei ya tairi nne za gari la mkurugenzi.

Sikusikia kishindo.
Kompyuta haina aibu, ilijipanga yenyewe:
wa kumi na nane ukapanda ukawa wa kumi na saba,
pengo likazibwa kabla sijapepesa jicho,
na palipokuwa na fimbo za watoto
pakakaa Viburudisho vya Vikao.
Maji ya chupa. Sambusa. Korosho.

Jioni nikarudi Ngamiani kwa baiskeli.
Kwetu barabara zina namba, kama madaftari ya darasa.
Mbaruku, mtoto wa jirani yangu Bi Mwanamkuu,
alizaliwa na ukungu machoni, na ukungu haukutoka.
Juzijuzi tu alikuwa mtoto wa mkekani:
analetewa, anaondolewa, anasemewa.
Akaja Mwalimu Shemzigwa,
akamfundisha kuisoma njia kwa ncha ya fimbo:
hapa mtaro, hapa kokoto, hapa spiriti ya kinyozi,
hapa cherehani ya fundi. Vuka. Ongeza moja.
Sasa hurudi peke yake, midomo ikihesabu,
kumi na tano,
kumi na sita,
na kwenye kumi na saba hukunja kushoto
kufuata harufu ya bajia za mama yake.

Nilimpita. Akautambua mnyororo wangu unavyolalamika.
"Shikamoo, shangazi. Leo mbona hukupiga kengele?"
Marahaba ilinikwama kooni.

Usiku nikagaagaa na swali la kijinga:
wakifuta kumi na saba,
mtoto ahesabu nini baada ya kumi na sita?
Karatasi hujipanga upya. Barabara hazijipangi.

Wanasema wapo kumi na mmoja tu.
Wanasema tubane matumizi.
Haya, baneni,
lakini mkishika shingo ya mtoto msiseme ni mkanda.
Huku ni kukata pua kuunga wajihi,
na wajihi wenyewe haukuungika.

Siku ya baraza, mgawa makabrasha ni mimi.
Sikuurudisha mstari, sina mamlaka hayo.
Niliandika namba yake tu, 17,
na mbele yake nikaacha weupe, upana wa kidole.
Viburudisho vikarudi kwao, kumi na nane.

Diwani mmoja, yule wa viti maalumu,
akavaa miwani, akaivua, akaivaa tena.
"Karani, hapa wino uliisha?"
Mweka hazina alinitazama
kama mtu aliyechomwa mwiba kitandani mwake.
Haukuisha, mheshimiwa, nikasema.
Sikukusudia kuendelea. Nikaendelea.
Nikawatajia mtaro, kokoto, kinyozi, cherehani.
Kuna aliyecheka. Kuna aliyeacha kutafuna.

Hawakuamua. "Lirudi kwenye kamati,"
ndivyo nilivyoandika kwenye muhtasari, kwa mkono wangu,
nami nimepewa siku saba nijieleze kwa maandishi.
Hii siyo barua hiyo. Barua hiyo itakuwa fupi.

Sasa ni saa kumi na nusu. Nimekaa barazani kwangu,
baiskeli nimeiegemeza ukutani, kengele nimeitia mafuta.
Tak, tak, ncha juu ya kokoto.
Bado yuko kumi na tano.
Nahesabu naye, kimyakimya,
wala sithubutu kumtangulia.